Helikopta ya Kwenye Picha Siyo Iliyombeba Mwajuma

Zawadi niliyopewa siku ya kuagwa kazini ni picha ya helikopta. Wameikuza, wameitia kwenye fremu ya plastiki yenye rangi ya dhahabu, na kioo juu yake. Dokta Neema, mganga mfawidhi wetu, binti mwenye adabu nami simlaumu, alinikabidhi mbele ya watu akasema, "Bibi Somoe, hii ndiyo ile helikopta iliyookoa maisha ya mama na mtoto, na wewe ndiye uliyekuwa unafukuza mbuzi uwanjani ili itue." Watu wakacheka, wakapiga makofi. Nikaipokea, maana sikutaka kumtahayarisha mbele ya wageni. Nikakaa, nikala pilau yao. Lakini pilau ile haikunishuka.

Basi ninaandika. Kusoma nilijifunza ukubwani, kisomo cha watu wazima, watoto wangu wakinicheka nikikosea herufi. Mkikuta nimekosea, someni maana. Ninawaandikia nyinyi wahudumu mliobaki, Pili na Rukia, mlioshika fagio na beseni nililoliacha. Habari za vyeo sina, kwa sababu niliingia mhudumu na nimetoka mhudumu. Nina habari za helikopta, na msicheke. Nimeziona nyingi kuliko watu wengi wa mjini, na nimechoka kusikia watu wakisema helikopta ni helikopta tu.

Niliajiriwa katika zahanati hii ya delta, jirani ya Kiongoroni, wakati ilikuwa vyumba viwili na jiko la makuti. Mganga wetu alikuwa Bwana Mpili, mtu wa Utete, mrefu, mpole, kikohozi hakimwishi. Siku ya kwanza alinionyesha kuchemsha sindano, akanionyesha kukunja shuka, kisha akanionyesha mahali pa kukaa nikitaka kulia. "Utalia," akaniambia, "lakini usilie mbele ya mgonjwa, atadhani kuna jambo tunamficha." Sijapata mafunzo mengine yaliyonifaa kama yale.

Zahanati ilijengwa penye mwinuko. Kwingine kote ni mikoko, tope na maji. Mbele yake palikuwa na uwanja wa majani, ndipo mbuzi wa kijiji kizima walipokula.

Ikaja enzi ya ruksa. Dukani kukawa na sabuni za kunukia na soda za makopo, mitumba ikatufikia mpaka huku, na neno jipya likaingia delta: mwekezaji. Mmoja alitaka kufuga kamba wa baharini kwenye mikoko yetu. Mwingine alitafuta mafuta ardhini. Wengine walikwenda kuwinda huko porini, wengine walihesabu tembo, na ulipokuja uchaguzi wa vyama vingi wengine walituhesabu sisi. Wote walikuja kwa helikopta, na wote wakitazama kutoka juu waliona mahali pamoja tu pakavu na peupe: uwanja wetu. Hakuna aliyemuuliza Bwana Mpili kama wagonjwa wanapenda kelele. Uliletwa ujumbe tu kwamba zahanati itoe mtu wa kuangalia uwanja. Mtu huyo nikawa mimi, juu ya fagio, sindano na shuka.

Siku ya kwanza waliniambia niweke alama nyeupe ili rubani aone pa kutua. Cheupe nilichokuwa nacho ni shuka za wodi. Nikatandaza nne katikati ya uwanja, nikaweka mawe pembeni. Kumbe watu wa kijijini wameona shuka nyeupe zimetandazwa nje ya zahanati. Mara wazee wakaja wamevaa kanzu, mmoja kabeba jembe la kuchimbia. "Pole, Bi Somoe. Nani amefariki?" Nikawaambia hakuna maiti, tunangoja ndege. Mzee Mtimbuko akanitazama kwa huruma, akasema taratibu, "Mwanangu, ndege gani inavishwa sanda?" Kabla sijamjibu helikopta ikafika, upepo wake ukazing'oa shuka na mawe yake, moja ikapaa kuelekea kwenye panga linalozunguka juu. Mtu mmoja akaruka kutoka ndani hata haijakaa sawasawa, akaidaka ile shuka kwa kifua, akaanguka nayo.

Mtu huyo ndiye Fundi Mbonde. Mndengereko wa Ikwiriri, ufundi alijifunza jeshini, akachukuliwa na kampuni ya kamba awe anatengeneza helikopta zao. Aliinuka, akajikung'uta, akaniuliza, "Dada, wewe Mmatumbi?"

"Ndiyo."

"Nilijua. Nyinyi hata kuua mnaua kwa usafi."

Ndivyo tulivyojuana, kwa utani wa Wamatumbi na Wandengereko. Siku ile ile akanifundisha kuchora alama kwa chokaa, na kwamba kitambaa chochote karibu na helikopta, iwe kanga, mtandio au shuka, lazima kiwe kimefungwa mwilini au kimekaliwa. Shuka ikinaswa kwenye panga, rubani na wote walio chini ni marehemu. Akanifundisha kuwasha moto wa majani mabichi pembeni, moshi umwonyeshe rubani upepo unakotoka. Na kamwe nisipite nyuma, kwa sababu panga dogo la mkiani likizunguka halionekani.

Halafu akaanza kunifundisha aina. Mimi nilikuwa naita zote helikopta.

"Hilo ni sawa na kuita chombo," akasema. "Mtumbwi ni chombo, jahazi ni chombo, meli ni chombo. Ukitaka kuvusha ng'ombe utaagiza chombo tu?"

"Ng'ombe wa nani? Nyinyi Wandengereko mna ng'ombe?"

"Nisikilize, dada Somoe. Siku moja utakuja kuhitaji."

Nilimsikiliza kwa ajili ya kupitisha muda. Leo ninamshukuru.

Ile ndogo ni ya watu wawili, rubani na mwenzake, wamekaa mbele ndani ya kioo kama samaki kwenye chupa. Inakalia vyuma viwili virefu, haina magurudumu. Inakunywa petroli yake maalumu, na ukiisikia kwa mbali ni kama mashine ya kusaga nafaka. Ni nzuri kwa kazi yake: kuhesabu tembo, kutazama mikoko, kumtafuta mtu aliyepotea. Inatua hata penye uwazi wa nyumba moja. Lakini mzigo haiwezi, na jua likiwaka sana inazidi kuishiwa nguvu, maana Mbonde alisema hewa ya moto ni nyepesi, panga halipati cha kushika. Mtu wa kulala humo hana mahali. Hapana, hata ukimkunja.

Ile ya kati ni ya watu watano sita. Hiyo haiungurumi, inapiga mluzi kwanza halafu ndipo panga linaanza, na mafuta yake yananuka kama mafuta ya taa. Wakubwa wanaipenda. Ndiyo ya wenye kuwinda, ndiyo ya wageni wa kampuni, na ndiyo waliyoifunga vipaza sauti wakati wa kampeni ikatumwagia karatasi za picha za wagombea, mbuzi wakazila. Nazo hizi za kati zinatofautiana. Moja ina kizingiti katikati ya sakafu na mlango mwembamba, machela ukitaka kuiingiza mpaka utoe kiti cha mbele pia. Nyingine ina sakafu bapa kama baraza na mlango mpana. Ukiondoa viti vya nyuma, machela inapita, na msindikizaji anakaa ubavuni. Kampuni ya kamba ilikuwa nayo hii ya sakafu bapa, nyeupe, inang'aa. Nilikuwa naifuta kioo mwenyewe.

Na kubwa ilikuwa ya wale wa mafuta ya ardhini, marubani wake Warusi. Injini mbili, magurudumu, ndani kama chumba cha darasa. Inabeba watu na mitambo, na chini ya tumbo ina ndoano, inaning'iniza mapipa kwa kamba ndefu na kuyashusha katikati ya mikoko ambako hata mtumbwi haufiki. Mlio wake ni kama watu wengi wanakung'uta mikeka kwa pamoja. Ubaya wake, upepo wake unabomoa mapaa, na magurudumu yake hayapendi tope. Ikizama imezama, na nani ataivuta?

Hayo niliyajua kama ninavyojua sufuria zangu. Na nilikuwa sijui kwamba kuyajua kunaweza kumtesa mtu.

Ilikuwa masika, mto umefura, unashusha magogo na visiwa vya majani. Boti ya zahanati ilikuwepo lakini mashine yake ilikuwa imepelekwa kutengenezwa, haikurudi. Asubuhi na mapema Mwajuma binti Salum aliletwa kwa mtumbwi kutoka Kiongoroni. Mimba ya kwanza, uchungu tangu juzi yake. Alikuja na mumewe Bakari, kijana mkata mikoko, na somo yake, Bi Zainabu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamuru. Kwa wageni wanaosoma hii, somo ndiye mwanamke aliyemfunda msichana alipovunja ungo, ndiye anayempeleka kwa mume, na ndiye wa kuwa naye akijifungua. Huku kwetu mzazi haendi popote bila somo wake. Hatulisemi, kwa sababu hakuna asiyelijua. Ukisema "nina mgonjwa mmoja" kila mtu anaelewa ni mgonjwa, mwenye kumshika, mkeka na kapu.

Bwana Mpili alimpima, akatoka nje kukohoa. Alipomaliza akaniambia, "Kichwa kimekwama. Huyu anataka kisu, na kisu mimi sina. Mtoto bado mzima. Afike upasuaji asubuhi hii."

Chumba cha upasuaji kilikuwa bara, upande wa Mchukwi. Na uwanjani, mbele ya macho yetu, ilikuwa imekaa ile nyeupe ya sakafu bapa. Imelala pale usiku kucha. Fundi Mbonde alikuwa anaifunga kifuniko cha injini.

Meneja wa kampuni alikuwa anaitwa Bwana Edgar. Alikuwa na wageni wawili, amewavalisha kofia za mkeka. Bwana Mpili na mimi tukamwendea.

"Shikamoo, mzee," akamwamkia Bwana Mpili vizuri tu. Adabu alikuwa nayo ya mdomoni.

"Marahaba. Meneja, nina mzazi amekwama. Tusaidie kumfikisha hospitali."

"Pole sana. Lakini hii ina wageni, wanakwenda kuangalia yatakapochimbwa mabwawa."

Mbonde akashuka ngazi. "Bosi, viti vya nyuma vinatoka sasa hivi. Wageni wangoje kidogo tu, ni kwenda na kurudi. Machela inaingia hii."

"Mbonde, wewe fundi au daktari?"

Mbonde akarudi kwenye ngazi yake. Mimi sikurudi nyuma. Nikamwambia, "Baba, njoo umwone kwanza. Yupo hapo mlangoni."

Hakuja. Alitazama saa yake, akasema, "Mama, mimi si mtu mbaya. Nitawaagizia helikopta nyingine kwa redio. Si mnataka helikopta? Itakuja."

"Mwambie huyo unayemwagiza kwamba mgonjwa amelala," nikasema. "Amelala, na ana mtu wake."

"Mgonjwa mmoja, nimeelewa."

Akapanda, na fundi wake akamwacha chini alinde mapipa ya mafuta. Mluzi ukaanza. Nikafunga kanga yangu, nikawarudisha watu nyuma, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Nilimwangalizia usalama wake mtu yule huku Mwajuma analia ndani. Hilo mpaka leo silimezi.

Tukangoja. Bi Zainabu alikuwa anamkanda Mwajuma mgongo na kumsemesha. "Vumilia, mwari wangu, chombo kinakuja, utaruka kama malkia, mimi sijawahi hata kupanda lori." Mwajuma akajaribu kucheka. Jua likapanda. Kwa mbali tukasikia mlio, wanawake wote uani wakapiga vigelegele, Bakari akainua mikono kumshukuru Mungu.

Mimi nilibaki nimesimama na beseni mkononi.

"Mbona wewe hufurahi?" Bi Zainabu akaniuliza.

"Siyo hiyo," nikamwambia. Ulikuwa mlio wa mashine ya kusaga.

Ikatua ile ndogo. Rubani wake, Kapteni Pita, kijana mpole aliyezoea kuhesabu tembo, akafungua mlango, akaondoa chupa yake ya chai kwenye kiti cha pili na kukipangusa kwa mkono. "Niko tayari," akasema. "Nimeambiwa nina abiria mmoja."

"Amelala," nikamwambia.

"Amelala?"

"Ni mzazi, Kapteni. Njoo uone."

Yeye alikuja. Alipomwona, akavua kofia. "Mimi sikuambiwa hivi," akasema. "Wallahi sikuambiwa." Na si Mwislamu, lakini aliapa hivyo hivyo.

Bi Zainabu akatoka na mkeka kwapani, akaizunguka ile ndogo kwa mbele, akachungulia. "Na mimi nakaa wapi?"

"Mama, ni kiti kimoja tu."

"Mimi ndiye niliyemfunda huyu. Mimi ndiye niliyemtia nyumbani kwa mumewe. Sasa nikae wapi, kwenye mkia? Nani huyo aliyewaambia mzazi anatumwa peke yake kama kifurushi cha posta?"

Tulijaribu kumkalisha, nisije nikasema hatukujaribu. Bakari alimbeba mpaka mlangoni. Alipokunjwa tu, Mwajuma akapiga ukelele mpaka mbuzi wakainua vichwa. Bwana Mpili akasema, "Mrudisheni. Akikaa hivyo tunawaua wote wawili." Bi Zainabu akanyamaza. Hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu Bi Zainabu hakuwa mtu wa kunyamaza.

Mbonde alikuwa ameegemea mapipa, mikono kichwani. Mara akamwendea Pita.

"Hii yako haiwezi kumbeba. Lakini ina redio, na ukiwa juu ya mikoko redio inafika mbali. Nenda ukawatafute Warusi. Jana walikuwa wanashusha mapipa upande wa baharini."

"Mafuta niliyopewa ni ya kuja na kurudi."

"Nitakuongezea."

"Ya kampuni? Edgar atakuua."

"Wewe fungua kifuniko."

Petroli ya ndogo na mafuta ya ile ya kati yalikaa mapipa tofauti, yenye rangi tofauti, na ukikosea injini inazima angani. Mimi nilishika mrija, Mbonde akapiga pampu ya mkono. Pita akaondoka kama nzi, akageuka juu ya mikoko, akapotea. Ndiyo kazi aliyoumbiwa chombo kile, kutafuta. Na alitafuta kweli, Mungu amlipe.

Adhana ya adhuhuri ilikuwa imepita tuliposikia mikeka inakung'utwa. Safari hii nilipiga kigelegele mimi, peke yangu, na wengine wakanifuata bila kujua sababu.

Uwanja ulikuwa umelowa. Mbonde akasimama mbele ya ile kubwa akitikisa mikono kwamba usikae, utazama. Mrusi akaelewa. Akaishusha mpaka magurudumu yakagusa majani tu, uzito wote akaubeba hewani, panga linaendelea kuzunguka. Paa la jiko letu la makuti likaondoka lote, likaenda kukaa mtoni. Nikawapigia kelele wanawake wafunge kanga, waondoe mitandio, wainame. Watu wa heshima zao, wametoa vichwa wazi mbele ya wanaume, na hakuna aliyenibishia. Tukaingia chini ya upepo ule na machela, watu wanne, matope usoni.

Mrusi mwingine alikuwa mlangoni, jitu la kifua kipana. Bi Zainabu akamuuliza, akiwa tayari kwa ugomvi, "Na mimi?" Yule akamshika mkono akamvuta ndani na mkeka wake na kapu lake na birika, akasema, "Mama! Wote! Haraka, wote!" Kiswahili chake chote kilikuwa hicho, nadhani, na kilitosha. Bakari akaingia. Bwana Mpili akanisukuma na mimi nishike chupa ya maji ya mshipa.

Sikupata nafasi ya kuogopa. Lakini mara moja tu nilitazama dirishani, na nitawaambia nilichokiona. Chini yetu, kwenye fungu la mchanga, imekaa ile nyeupe. Panga limetulia. Wageni wamekaa chini ya mwavuli, kuna meza imetandikwa. Bwana Edgar alikuwa amesimama, ameweka mkono usoni kuzuia jua, anatutazama tukipita. Viti vyake vyote vilikuwa vitupu. Ilikuwa imekaa tu, tangu asubuhi, inawangoja watu wamalize kula.

Bi Zainabu naye aliona. Alitema mate kwenye kona ya kanga yake, akaendelea kumkanda mwari wake.

Hospitalini walitupokea mbio, wakampeleka Mwajuma ndani. Mtoto alitolewa akiwa hai, wa kiume. Alilia, kidogo, kama paka aliyelowa. Bakari akamwadhinia sikioni, akampa jina. Kabla ya magharibi akafariki. Daktari alitoka, akakaa nasi kwenye benchi, akasema mtoto amechoka sana njiani, kichwa kimebanwa muda mrefu. "Kama angefika asubuhi," akasema, halafu akaacha sentensi hapo hapo. Mwajuma alipona. Alikaa kitandani muda mrefu, lakini alipona.

Bwana Edgar alikuja zahanati siku chache baadaye. Sikumwona akiulizia hali ya mtu. Alikuja kuulizia petroli. Mbonde hakuficha, akasema nimeitoa mimi, na wiki ile ile akaachishwa kazi. Akaniachia koleo lake moja na kopo la chokaa. "Uwanja mzuri huu, dada," akasema. "Shida yake ni wanaotua." Alirudi Ikwiriri, akafungua banda la kutengeneza baiskeli. Alipofariki nilikwenda kumzika.

Mwaka uliofuata kampuni ikagawa kalenda. Mnakumbuka kalenda zile za enzi ya ruksa, karatasi inateleza, picha zinawaka. Kila nyumba ilitaka. Ya kwao ilikuwa na ile helikopta nyeupe, imefutwa vizuri, na mbele yake mwanamke aliyesukwa nywele, amebeba mtoto mnono, anacheka. Sijui walimtoa wapi. Hapa hatujawahi kumwona. Chini wameandika kwamba kampuni inajali, na kwamba helikopta hii iliokoa maisha ya mama na mtoto wa delta. Bwana Mpili alikataa kuitundika, lakini alipohamishwa, aliyemfuata aliitundika ukutani, pale wanapokaa wajawazito.

Mwajuma alikuja kliniki na mimba ya pili. Akasimama mbele ya kalenda ile. Kusoma hakujua.

"Shangazi Somoe, wameandika nini?"

Nikamsomea. Nilifikiri kumdanganya, nikaona hapana, amedanganywa vya kutosha.

Akarudia pole pole, "Mama na mtoto." Halafu akaniuliza, bila hasira, kama mtu anayetaka kujua kweli, "Mtoto yupi?"

Niliishusha kalenda ile kwa mkono wangu, nikaitia stoo nyuma ya ndoo mbovu. Kampuni iliondoka bila kuchimba bwawa lolote. Nami nikadhani yamekwisha. Kumbe vijana wameingia stoo kutafuta zawadi ya kunipa, wakaikuta kalenda, wakaikuza picha pamoja na maneno yake.

Pili, Rukia, nyinyi siku hizi mna simu, na nasikia helikopta bado zinakuja, za utalii, za uchaguzi, za mafuriko. Mkipata mgonjwa msiombe helikopta. Ombeni pa kulaza mtu. Uliza sakafu yake ikoje, uliza viti vinatoka, uliza msindikizaji atakaa wapi, na useme uwanja wako umelowa au mkavu. Na mtu akikujibu "nimeelewa" kabla hujamaliza kusema, anza upya kumwambia. Ikija ndogo msiidharau, ina kazi yake. Mwenye kustahili kudharauliwa ni yule aliyejua inayofaa, akaikalia.

Jumatatu baada ya kuagwa nilirudi kituoni na fremu yangu kwapani. Dokta Neema akaniamkia, akadhani nimesahau kitu. Nikakaa, nikamweleza yote haya niliyoandika. Alinisikiliza mpaka mwisho, simu yake ikilia hakuishika.

"Bibi, tusamehe. Hatukujua. Tuichome?"

"Msiichome. Mkiichoma mtasahau tena. Itundikeni, ila yale maneno ya chini yafuteni, muandike ya kweli."

Akaitoa picha kwenye kioo, akachukua kalamu nene, akayakata maneno ya kampuni kwa mstari mmoja. Chini yake akaanza kuandika, huku anatamka: helikopta hii haikumbeba Mwajuma binti Salum wa Kiongoroni. Hapo kalamu ikasimama. Akaniinulia macho.

"Na mtoto, bibi? Aliitwa nani?"

Katika miaka yote ile, wa kampuni, wa wilayani, wa kalenda, hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza.

"Shabani," nikamwambia. "Shabani bin Bakari."

Akaandika.